Baiskeli ya mtoto kutoka ughaibuni: ipi inunuliwe huko, ipi inunuliwe Tabora

Ndugu zetu walioko ng'ambo wanauliza swali moja kila mara: nimnunulie mtoto baiskeli huku niitume, au nitume hela mnunue hapo hapo Tabora? Wengi hulijibu kwa kuangalia bei peke yake. Mjomba aliyeko Manchester anaiona baiskeli nzuri dukani, anapiga picha, anauliza rangi. Huku Isevya, Tabora, mama mtoto anajibu, "Yoyote tu kaka, bora iwe kubwa kidogo, atakua nayo." Mzigo unafika baada ya miezi kadhaa, mtoto anapandishwa, miguu haigusi chini, anaogopa, anashushwa. Baiskeli inaegeshwa nyuma ya mlango kusubiri mtoto akue. Akishakua, tairi limekauka na kupasuka, na saizi yake mjini hakuna.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu hela imetoka, mapenzi yapo, ila mtoto hajaendesha. Na Tabora ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare kiasi, na watu wazima wanabebea kila kitu, kuanzia madumu ya maji mpaka magunia ya mkaa. Wengi wetu tulijifunzia kwenye Phoenix ya baba, mguu mmoja umepitishwa chini ya bomba la juu, mwili umepinda upande, pedeli ikikanyagwa nusu nusu kwa sababu mzunguko mzima haufikiki. Tulijifunza, lakini tulikuwa na miaka minane au tisa. Mtoto wa miaka mitatu au minne hawezi kufanya hivyo, naye ndiye anayehitaji baiskeli iliyotengenezwa kwa kipimo chake.

Jibu langu niliseme mapema. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano hivi, baiskeli nyepesi iliyotumika, ikanunuliwa ughaibuni na kuletwa, ina faida ya kweli. Kuanzia saizi ya inchi 20, tumeni hela. Sababu zake ndizo nitakazozieleza, maana anayezielewa atajua pia ni wakati gani kanuni hiyo haimfai.

Mguu ndio unaopimwa

Inchi zinazotajwa kwenye baiskeli za watoto ni ukubwa wa gurudumu. Kwa kawaida 12 huhesabiwa kuwa ya miaka miwili hadi minne, 14 ya mitatu hadi mitano, 16 ya minne hadi sita, 20 ya sita hadi tisa, na 24 ni ya mtoto anayekaribia kumaliza shule ya msingi. Makadirio haya yanasaidia kuanza kutafuta, si kuamua. Baiskeli mbili zote za inchi 16 zinaweza kupishana sana pale siti inaposhushwa mpaka mwisho: moja siti inafika chini, mtoto anakanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili, nyingine inagota juu, mtoto huyo huyo ananing'inia kwa ncha za vidole. Gurudumu ni lile lile, ila fremu imechorwa tofauti.

Kwa hiyo kipimo cha kuulizia ni urefu wa mguu kwa ndani. Mtoto avue viatu, asimame ameegemeza mgongo na visigino ukutani. Chukua daftari gumu, liweke katikati ya miguu yake, mgongo wa daftari ukigusa ukuta, lipandishe taratibu mpaka ligote, kisha weka alama ya penseli ukutani pale juu ya daftari. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Tuseme umepata sentimita 45. Kwa anayeanza kabisa, tafuta baiskeli ambayo siti yake ikishushwa mwisho haizidi hizo 45, na ikiwa chini yake kwa sentimita moja au mbili ni bora zaidi. Akishazoea, siti inapandishwa kidogo kidogo mpaka ipite kimo cha mguu kwa sentimita chache, ili goti linyooke vizuri akikanyaga.

Wazalishaji makini wa nje wanaitangaza namba hiyo waziwazi. Frog, kampuni ya Uingereza, iliziita baiskeli zake kwa kipimo hicho hicho: Frog 48 maana yake ni mtoto mwenye mguu wa kuanzia sentimita 48. Duka likishindwa kukuambia siti ya chini kabisa iko sentimita ngapi, chukua futi upime mwenyewe, kutoka juu ya siti hadi sakafuni. Kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 8098, kwa ajili ya baiskeli za watoto wadogo, na chenyewe kinazitambua kwa kimo cha siti: zile ambazo siti ikipandishwa juu kabisa inazidi milimita 435 lakini haifiki 635. Umri hautajwi katika kipimo hicho.

Hapa ndipo "atakua nayo" inapotuharibia. Sare ya shule iliyozidi kidogo haimwangushi mtoto. Atakunja mikono ya shati na mwaka utapita. Baiskeli iliyozidi inamwondolea kitu cha kwanza anachohitaji, yaani uwezo wa kushusha miguu na kusimama anapoogopa. Mtoto aliyeanguka mara ya kwanza kwa sababu ardhi ilikuwa mbali anaweza kukataa kuiona tena baiskeli kwa muda mrefu.

Uzito, jambo ambalo picha haionyeshi

Mtoto wa miaka minne huwa na kilo 16 hivi. Baiskeli nyingi za bei ya chini za inchi 16, za chuma kizito, zenye madigadi, keria, kikapu na vimagurudumu vya pembeni, zinafika kilo 9 au 10 na kuzidi. Piga hesabu: ni sawa na mtu wa kilo 70 kupewa baiskeli ya kilo 40 na ushee, aipandishe, aisukume, aizuie isimwangukie. Mtoto akichoka baada ya dakika kumi tunasema ni mvivu, kumbe amebeba zaidi ya nusu ya uzito wake.

Uzuri wa baiskeli za watoto zinazosifiwa Ulaya uko hapa hasa. Woom ya Austria, Frog na Islabikes za Uingereza zilijijengea jina kwa kupunguza uzito: fremu ya alumini, mikono ya pedeli mifupi inayolingana na mguu mfupi, na usukani mwembamba unaoshikika na kiganja kidogo. Ya inchi 16 ya namna hiyo huwa kati ya kilo 5 na 6 na kidogo. Islabikes ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaacha kutengeneza baiskeli mpya, lakini zilizotumika bado zinazunguka kwa wingi kutoka mtoto hadi mtoto. Puky ya Ujerumani nayo ni ya kuaminika, ingawa baadhi ya modeli zake ni nzito kuliko hizo nyingine.

Kuipima ni rahisi. Panda kwenye mizani ya nyumbani ukiwa umeishika baiskeli, kisha panda bila baiskeli, utoe. Ikizidi theluthi moja ya uzito wa mtoto, endelea kutafuta kama mfuko unaruhusu.

Usivutwe na springi za mbele. Kwenye baiskeli ya mtoto wa kilo 16 springi hizo karibu hazibonyei kabisa, kwa sababu mtoto mwenyewe ni mwepesi mno. Kazi yake ni kuongeza uzito. Gia nazo hazina maana kwa mtoto wa chini ya miaka sita, na kwa Tabora hata kwa mkubwa wake sioni haraka ya kuzitafuta. Vumbi na mchanga wetu vinaingia kwenye kile kifaa cha kuhamisha cheni, na kikipinda kidogo tu cheni inaruka kila saa.

Alumini ina upande wake mgumu pia, na ni haki kuusema. Fremu ya chuma ikikatika, fundi wa kuchomelea yeyote ataiunga. Ya alumini inataka mashine na utaalamu ambao hutaupata kwa mchomeleaji wa kawaida mtaani. Hata hivyo, fremu ya mtoto mdogo hukatika mara chache sana. Kinachoharibika ni tairi, breki, cheni na beringi, na hivyo fundi baiskeli wa kawaida anavimudu.

Breki: Tabora si Kigoma

Baiskeli za watoto zina breki za aina mbili. Kuna ya mkono, yenye waya na raba zinazobana rimu. Na kuna ya mguu, ambayo mtoto akikanyaga pedeli kurudi nyuma, gurudumu la nyuma linajifunga. Marekani, sheria inataka baiskeli nyingi za watoto wadogo ziwe na hiyo ya mguu. Ujerumani nako ni ya kawaida sana. Uingereza utakuta zaidi breki mbili za mkono.

Ya mguu ina sifa nzuri kwa mazingira yetu. Haina waya wa kukatika, vumbi haliigusi kwa urahisi kwa kuwa iko ndani ya kikombe cha katikati ya gurudumu, na haihitaji nguvu ya vidole. Ila ina hatari moja ambayo wauzaji hawaitaji: cheni ikichomoka, breki hakuna. Tabora, kwenye njia tambarare ya mchanga kati ya nyumba na nyumba, mtoto ataburuza miguu na kusimama. Lakini kwa ndugu zetu wa Kigoma, pale barabara inaposhuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni na ziwani, cheni ikichomoka ni jambo la kutisha. Anayenunulia mtoto wa Kigoma asikubali baiskeli yenye breki ya mguu pekee. Iwepo na ya mkono mbele, na iwe inafanya kazi.

Breki ya mkono ina mtihani wake. Mtoto aibane kwa vidole viwili, bila wewe kumsaidia. Kama hawezi kuivuta, breki hiyo ni pambo, hata kama wewe ukiibana gurudumu linasimama. Baiskeli nzuri ina mkono wa breki mfupi, uliosogezwa karibu na usukani, na una skrubu ndogo ya kuusogeza zaidi. Za bei ya chini mara nyingi zina mkono wa plastiki, mrefu, mgumu, uliokaa mbali na kiganja.

Angalia pia upande. Kwenye baiskeli za Uingereza na Japani breki ya mbele huwa mkono wa kulia. Za Marekani na Ujerumani huwa wa kushoto. Kama mtoto ana baiskeli moja tu haina shida, lakini kama nyumbani kuna nyingine anayopokezana na ndugu zake, fundi azibadilishe waya ili zote zifanane. Breki ya mbele iliyobanwa ghafla na mtoto aliyedhani anabana ya nyuma inampitisha juu ya usukani.

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi

Sehemu hii ningependa aliyeko nje aisome mara mbili, kwa sababu baiskeli nyingi zilizoletwa kwa gharama kubwa husimama kwa ajili ya tyubu moja.

Neno "inchi 16" halitoshi. Yapo matairi yanayoitwa 16 ambayo hayaingiliani kamwe. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 47-305. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Kwa inchi 16 za watoto, namba ya kawaida ni 305. Ukikuta 349, hiyo ni 16 ya aina nyingine, hutumika kwenye baadhi ya baiskeli za kukunja, na tairi lake kwetu usilitegemee. Kwa inchi 20 ya kawaida ni 406; iko na 451, ambayo ni nyembamba na ya mwendo kasi, iache huko huko. Ya inchi 12 huwa 203, na ya 14 ni 254. Hiyo 14 ndiyo inayonipa wasiwasi: ni saizi nzuri sana kwa mtoto wa miaka mitatu na minne, lakini kwenye maduka yetu ni adimu kuliko 12, 16 na 20. Ukiileta, ije na tyubu za akiba mbili na tairi moja. Ni vitu vyepesi na havichukui nafasi.

Kuhusu upana, kwa Tabora usichukue jembamba. Mchanga wetu unalimeza tairi jembamba, usukani unapinda wenyewe, mtoto anaanguka akiwa kwenye mwendo wa kutembea. Upana wa milimita 47 na kuendelea unafaa. Yapo matairi ya mpira mgumu yasiyo na upepo, na kwa sababu ya miiba yanatamanisha. Kwa kibaiskeli kidogo cha inchi 12 kisicho na pedeli, kile cha kujisukuma kwa miguu, yanavumilika. Kwa mtoto anayepiga pedeli, tairi la upepo linashika ardhi vizuri zaidi na halimtikisi. Pancha ni jambo la kiraka na solushen.

Halafu valvu. Ile nene, kama ya gari, inapigwa upepo popote, hata kituo cha mafuta. Ile ya zamani ya Phoenix, kila fundi ana pampu yake. Lakini baadhi ya baiskeli za Ulaya huja na valvu nyembamba yenye kinati kidogo juu kinacholegezwa kwanza, na pampu nyingi za huku haziishiki. Dawa yake ni kiungio kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya valvu hiyo. Nunua viwili vitatu uvitume. Jua pia kwamba tundu la rimu lililotobolewa kwa valvu nyembamba haliipitishi nene mpaka litanuliwe, kazi ambayo fundi anaiweza kwa drili lakini aifanye taratibu.

Anza bila pedeli

Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alionyesha watu chombo cha magurudumu mawili ambacho mpandaji alikisukuma kwa miguu yake chini. Pedeli zilikuja miongo kadhaa baadaye. Mtoto naye hujifunza vizuri zaidi kwa mpangilio huo, usawa wa mwili kwanza, pedeli baadaye. Vimagurudumu vya pembeni vinamfundisha kinyume: baiskeli haiwezi kulala upande, kwa hiyo mtoto hajifunzi kuegemea kwenye kona, na siku vinapotolewa anaanza upya.

Huna lazima ya kununua kibaiskeli maalumu kisicho na pedeli. Kama saizi ni sahihi, ng'oa pedeli za baiskeli yake, shusha siti, mwache ajisukume uani. Nyingi zinafunguliwa kwa spana namba 15. Ya kulia inalegea kwa kuzungushwa kinyume cha saa kama nati yoyote. Ya kushoto ni kinyume chake: inalegea kwa kuelekea mwendo wa saa. Asiyejua hili anaikaza akidhani anafungua, na akiongeza nguvu meno yanasagika. Pedeli zenyewe huwa zimechongwa herufi L kwa ya kushoto na R kwa ya kulia. Akishaweza kuinua miguu yote miwili na kuteleza bila kuyumba, zirudishe.

Kununua, kufunga, kupokea

Aliyeko Uingereza au Ujerumani asikimbilie mpya. Watoto wanazipita kimo baiskeli hizi baada ya mwaka mmoja au miwili, na wazazi huziuza zikiwa bado na hali nzuri. Zungusha kila gurudumu uone kama linayumba, tikisa usukani usikie kama kuna mlegeo, angalia kutu ya cheni, angalia kama fremu ina ufa kwenye maungio. Kofia ya usalama, kinyume chake, nunua mpya, kwa sababu iliyowahi kugonga chini inaweza kuwa imeharibika ndani bila kuonekana. Ya Ulaya iwe na alama EN 1078. Pima mzunguko wa kichwa cha mtoto kwa sentimita, na kwa binti apimwe na nywele zikiwa zimesukwa kama anavyosukwa siku zote.

Usafiri ndio unaoamua mambo. Mashirika mengi ya ndege yana kikomo cha begi cha kilo 23, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Boksi la baiskeli ya inchi 12 au 14 mara nyingi linaingia humo, la 16 ni la kupima kwa makini, la 20 halitarajiwi. Ndiyo sababu nasema kuanzia 20 tumeni hela: boksi ni kubwa, mtoto amepata nguvu ya kumudu kilo mbili tatu za ziada, na tairi la 406 linapatikana kuanzia Kariakoo hadi kwetu. Wanaochangia kontena wana nafasi zaidi, lakini wajue kwamba ushuru hukokotolewa juu ya thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, na VAT ya asilimia 18 huja juu yake. Risiti ya mtumba ulioununua, hata kama ni ya mkono, itunzwe.

Kabla ya kufunga boksi toa upepo kidogo kwenye matairi, ng'oa pedeli, geuza usukani, weka maboksi yaliyokunjwa kati ya chuma na chuma. Nati na bolti zote ziwe kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye fremu yenyewe, si kuachwa zikielea chini ya boksi.

Ikifika Tabora, mpelekee fundi aiunganishe mbele yako, na hata mpya ya dukani ipitie kwake. Kosa linalotokea sana ni uma wa mbele, yaani ile panda inayoshika gurudumu la mbele, kufungwa umegeuka nyuma: breki ya mbele inaonekana kwa ndani, imeelekea kwenye pedeli badala ya kuelekea mbele, na baiskeli inakuwa na usukani usiotulia. Angalia pia mstari uliochongwa kwenye bomba la siti na la usukani. Mstari huo uwe umezama ndani, usionekane. Afungue vikombe vya magurudumu, aone kama goroli zina grisi, kwa sababu nyingi hutoka kiwandani zikiwa kavu na zimekazwa mno. Baada ya wiki moja ya kuendeshwa irudishwe kwake akaze bolti tena na avute waya wa breki, maana waya mpya hulegea siku za mwanzo.